Nani Humfunza Kijana Kutumia Unga?

Mara nyingi twasikia barazani ya kwamba kijana fulani "ameharibika", kana kwamba ameharibika peke yake. Yatupasa kulipima neno hili, kwani wataalamu wa elimu ya uhalifu wamelichunguza kwa miaka mingi.

Robert Merton wa Marekani aliandika mwaka 1938 ya kwamba jamii huwawekea watu wote shabaha moja, nayo ni mali, lakini njia za kuifikia haiwafungulii wote. Baadhi ya waliofungiwa huiacha shabaha na njia pia, wakajitenga. Miongoni mwa hao aliwahesabu walevi na watumiaji wa madawa.

Lakini dhiki peke yake haitoshi kuwa sababu. Maskini wengi hawajapata kuugusa unga, na wako wana wa matajiri waliozama humo. Hapa ndipo tumhitajipo Edwin Sutherland, aliyefundisha tangu mwaka 1939 ya kwamba uhalifu hujifunzwa, na darasa lake ni watu wa karibu. Mwaka 1953 Howard Becker, baada ya kuwahoji wavuta bangi 50, alieleza ya kwamba mtu hujifunza namna ya kuvuta, kisha kuitambua athari yake, kisha kuihesabu athari hiyo kuwa ni raha. Asiyejifunza hayo haendelei.

Je, aliyekwisha kunaswa aweza kuacha? Lee Robins aliwachunguza askari wa Marekani waliorudi kutoka Vietnam mwaka 1971. Kiasi cha mmoja katika kila watano alikuwa amenaswa huko na heroini, ambayo ndiyo unga, au na afyuni. Waliporudi makwao, mbali na vita na wenzi wa vita, wengi wao hawakunaswa tena.

Hatusemi ya kwamba dawa hospitalini haihitajiwi, yahitajiwa sana. Twasema ya kwamba haitoshi. Kijana wetu wa Mombasa, Malindi au Lamu arudipo kutoka matibabuni, sisi humfanyia nini? Kazi hapewi, mke haozwi, salamu yake huitikiwa kwa shingo upande. Basi milango yetu yote ikiisha kufungwa, hubaki wazi mmoja tu: wa wale waliomfunza.

Ndugu msomaji, tukitaka aliache darasa lile, hatuna budi kumpa mahali pengine pa kukaa, na watu wengine wa kukaa nao. Watu hao ni sisi.