Lugha ya Darasani na Lugha ya Mtihani: Mfano wa Tanzania

Suala la lugha ya kufundishia aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni suala la istilahi tu. Wapinzani wa Kiswahili hudai kuwa hakina maneno ya kuelezea sayansi. Dai hili halina mashiko. Katika shule za msingi za umma nchini Tanzania, ambako Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia tangu mwaka 1967, wanafunzi husoma kuhusu usanisinuru, kani na nishati bila taabu ya kutafsiri. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Tatizo huanzia Kidato cha Kwanza. Mtoto aliyekwisha kuelewa kuwa jani hutumia mwanga wa jua, maji na kabonidioksidi kutengeneza chakula hulazimika kujifunza jambo lilo hilo upya kwa Kiingereza, lugha ambayo kwake ilikuwa somo tu. Yamkini jibu analijua. Asichokuwa nacho ni sentensi ya kulibeba. Basi hunakili yaliyo ubaoni, akayakariri. Mwalimu naye, aonapo nyuso zimeduwaa, hurejea Kiswahili ili somo lisonge. Kuchanganya ndimi huku hakufai kubezwa, maana ndiko kunakoleta ufahamu. Ila mtahini hayumo darasani, na karatasi yake i kwa Kiingereza.

Mnamo 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika Kidato cha Kwanza ifikapo 1985. Halikutekelezwa. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd walibaini kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine, kisha, ajabu ya Musa, wakapendekeza kiendelee kutumika!

Sisi Wakenya hatuna sababu ya kuwacheka majirani. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilitaka madarasa matatu ya mwanzo yafundishwe kwa lugha inayotawala eneo la shule. Mijini lugha hiyo mara nyingi ni Kiswahili. Hata hivyo, shule nyingi za huko huanza na Kiingereza tangu chekechea, na wazazi huridhia, kwani wanajua fika mtihani wa mwisho utaandikwa kwa lugha gani.