Somo la Afya: Asidi ya Betri na Fomalini, Ipi Mbaya Zaidi?

Hapa Free Area fundi wa magari huweka asidi ya betri, na mfugaji wa kuku huweka fomalini ya kuua viini bandani. Zote mbili hazina rangi, ni kama maji tu. Basi ipi mbaya zaidi?

Asidi ya betri ni asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ikimwagika kwenye sakafu ya simiti hutoa povu. Ikirukia suruali, baadaye utakuta matundu. Ikigusa ngozi au jicho, inaunguza. Kazi yake unaiona.

Fomalini ni gesi ya fomaldihaidi iliyoyeyushwa ndani ya maji, karibu sehemu 37 kwa 100. Haitoi povu sakafuni wala haitoboi nguo. Ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Aa, hii si kali." Hapo ndipo tunakosea! Fomalini hushika protini za mwili na kuzigandisha, kama vile yai hugandishwa na moto. Kwa sababu hiyo maabara huitumia kuhifadhi viungo visioze. Mvuke wake huwasha macho, koo na kifua. Mwaka 2004, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hivyo asidi hupiga kelele, fomalini hunyemelea. Usipime sumu kwa povu.

Tufanye nini?
1. Ukichanganya asidi, itie polepole ndani ya maji. Ukimwaga maji ndani ya asidi, itakurukia.
2. Ukitumia fomalini, vaa glavu, linda macho, na usikae ndani ya banda lililofungwa.
3. Usitie fomalini kwenye maziwa eti yasiharibike. Hayo si maziwa tena, ni sumu kwa mtoto.
4. Usiweke yoyote kati ya hizi kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa.
5. Ikimwagikia mtu, vua nguo zilizolowa, osha kwa maji mengi dakika 20, kisha nenda hospitali. Akiimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Maswali ya kujadiliana: Nyumbani kwako chupa hizi ziko wapi? Je, mtoto anazifikia? Nenda uangalie leo, usingoje kesho.