Nyungunyungu na Udongo wa Makopo

Katika nyumba nyingi za mjini utaona barazani debe, ndoo iliyopasuka au kiroba kilichopandwa mchicha, nyanya au sukuma wiki. Mavuno ya kwanza aghalabu huwa mazuri. Ya pili hupungua. Ikifika zamu ya tatu majani hugeuka manjano, na mwenye debe huamua kwamba udongo umekufa. Huumwaga jalalani, akanunua mwingine uliochotwa bondeni. Kila kiroba kinachonunuliwa hivyo kimeacha shimo mahali fulani.

Kuchoka huko kwa udongo kuna sababu zaidi ya moja, na si vizuri kuzichanganya. Kwanza, mmea umekula. Majani yaliyokwenda jikoni yameondoka na naitrojeni, fosforasi na potasiamu, na hakuna kilichorudishwa. Shambani mizizi ingekwenda mbali kujitafutia. Ndani ya debe haina pa kwenda. Pili ni maji. Kila unapomwagilia hata maji yakatokea matunduni, naitreti huyeyuka na kutoka nayo, na chembe za udongo hugandamana mpaka nafasi za hewa zikaziba. Tatu ni viumbe wadogo, yaani bakteria na kuvu, ambao huozesha mabaki ya mimea. Mabaki yakiisha, nao hupungua. Watu wengi huitambua sababu ya kwanza tu. Kwa hiyo huongeza mbolea ya chumvichumvi katika udongo ulioshikamana kama tofali. Chumvi hujilimbikiza, na ncha za majani huungua.

Hapa ndipo nyungunyungu anapoingia. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, alichapisha kitabu kizima juu ya mnyama huyu mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufariki. Aliwafuga katika vyungu chumbani mwake. Walipopigiwa filimbi hawakushtuka; lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na sauti moja ikapigwa, walirudi mashimoni mara moja, kwa kuwa walihisi mtetemo. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za nchi yake zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwao kila mwaka katika ekari moja.

Nyungunyungu hana meno. Humeza majani yaliyooza pamoja na chembe za mchanga, na chembe hizo husaga chakula ndani ya firigisi yake, kama zifanyavyo katika firigisi ya kuku. Kinyesi chake hutoka katika vidonge vidogo vilivyoshikanishwa na ute. Aghalabu vidonge hivyo vina naitreti, fosforasi na potasiamu inayochukulika na mizizi kwa wingi kuliko udongo wa jirani, na kati ya kidonge na kidonge hewa hupita. Lakini tusimpe sifa isiyo yake: nyungunyungu haumbi chakula cha mmea. Hukigeuza kile alichopewa. Ukimtia katika udongo mtupu usio na mabaki, atakonda na kufa, na debe lako litabaki vilevile.

Tena si kila nyungunyungu afaaye. Wako wachimbao chini sana, na wako waishio juu, katika samadi na majani yanayooza. Hao wa pili ndio tunaowataka. Mashuhuri miongoni mwao ni Eisenia fetida, mwekundu mwenye pete hafifu, apendaye joto la nyuzi 15 hadi 25 za Selsiasi, na Eudrilus eugeniae, ambaye asili yake ni Afrika ya Magharibi na ambaye hustawi penye joto zaidi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuchimbua nyungunyungu mtaroni, akawatia katika kopo la bati lililokaa juani. Jioni walikuwa wamekufa wote. Mnyama huyu hupumua kwa ngozi yenye unyevu, na bati juani ni tanuri.

Kwa sababu hiyo, kwa vyombo vidogo ni afadhali kuwafuga kando, katika sanduku la mbao au ndoo yenye matundu chini, iliyowekwa kivulini. Tandika majani makavu au karatasi zilizochanwa na kuloweshwa, kisha samadi iliyokwisha poa. Samadi mbichi hupata moto na kutoa amonia, navyo huwaua. Walishe maganda ya ndizi na mboga kidogo kidogo. Nyama, mafuta na vyakula vyenye chumvi viache. Ili kupima unyevu, kamua konzi moja ya matandiko: yadondoke matone mawili matatu, si zaidi.

Mavuno yakiisha, kata shina na uiache mizizi midogo ndani. Mwaga udongo juu ya gunia, uvunje mabonge, kisha changanya sehemu nne au tano za udongo huo na sehemu moja ya mbolea ya nyungunyungu. Kuzidisha hakuleti faida inayolingana. Rudisha debeni, funika kwa majani makavu, weka kivulini na udumishe unyevu kwa wiki tatu hivi kabla ya kupanda.

Wako wanaomwogopa nyungunyungu, hasa kwa kuwa jina lake hutumika pia kwa vidonda vya nyayo. Yeye si mnyoo wa tumboni. Mnyoo wa safura, ambaye kweli hupenya ngozi ya mguu, hutoka katika udongo uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Ndiyo maana kinyesi hicho, pamoja na cha mbwa na paka, kisitiwe kamwe katika sanduku.

Liko jambo ambalo nyungunyungu hawaliwezi. Ikiwa nyanya zako zilinyauka ghafla zikiwa bado na rangi ya kijani, au mizizi ilikuwa na vifundo, udongo huo una maradhi. Usipande tena humo nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, kwa kuwa wote ni wa jamaa moja. Kwa udongo wenye vifundo, uloweshe, utandaze kina cha kiganja, ufunike kwa karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, na uuache juani wiki nne hadi sita. Joto hilo huwaua wabaya na wema pamoja. Ukisha kuufunua, mbolea ya nyungunyungu itiwe upya, maana wakati huo ndipo udongo unapoihitaji kuliko wakati mwingine wowote.