Kunenepa Siyo Kuwa na Afya

Wapo wanaodhani unene wa kupita kiasi ni tatizo la Ulaya na Marekani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni 1 duniani walikuwa na unene huo, yaani mtu 1 katika kila 8. Hapa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na uzito uliozidi.

Unatoka wapi? Chakula ambacho mwili haukitumii huwekwa akiba kama mafuta. Wazee wetu walikula ugali, tena mwingi, lakini walilima, walitwanga, walichota maji na kwenda sokoni kwa miguu. Siku hizi unga unasagwa mashineni, pikipiki inatuchukua mlangoni kwa safari ya dakika 15, na jioni tunakaa mbele ya televisheni. Hatusemi turudi kwenye kinu. Mama aliyetwanga anaujua uzito wa mchi. Ila kazi imepungua, na sahani haikupungua.

Tena kilichomo sahanini kimebadilika. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4. Ndiyo maana chipsi zinanenepesha kuliko viazi vilevile vilivyochemshwa. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na mtu mzima anashauriwa asizidishe vijiko 12 kwa siku nzima. Soda moja na vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu vitatu, tayari amefika 15.

Lakini kuna jambo linalotusumbua zaidi huku kliniki. Mama anashauriwa kupunguza uzito, anajitahidi, anapungua kilo 5, kisha anaacha kwa sababu majirani wameanza kunong'ona. Tangu Ukimwi ulipoingia miaka ya 1980, tumezoea kumtazama aliyekonda kwa mashaka. Na mke akinenepa, mumewe husifiwa kwamba anamtunza! Jamani, mwenye virusi anayetumia dawa vizuri anaweza kuwa mnene, na mwembamba akawa mzima kabisa. Kinachosema ukweli ni kipimo cha damu, siyo mashavu. Anayekonda bila kukusudia, au akiwa na homa na kikohozi, huyo aje hospitali upesi.

Unene huu huleta shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa moyo na maumivu ya magoti. Presha na kisukari huweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Tunawapokea watu waliokwisha kupooza upande mmoja, na siku hiyo ndiyo wanapimwa presha kwa mara ya kwanza.

Chukueni futi ya fundi cherehani, mpimane kiuno, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa mwanamke asiye mjamzito kisifike sentimeta 80, kwa mwanamume 94. Kikizidi, anzeni jikoni: mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, ugali uwe wa dona, mboga zijaze nusu ya sahani. Tembeeni kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Majani ya kupunguza tumbo yanayouzwa stendi yaacheni hukohuko. Mengine ni dawa za kuharisha tu.

Mwenye presha au kisukari asiache dawa zake wala asianze kufunga kula peke yake. Aje kwanza kliniki, na ikiwezekana aje na yule anayempikia.