Ruta Iliyokarabatiwa: Kikundi Kiulize Nini Kabla ya Kutoa Pesa?



Zamani katibu alikuwa anatembea na daftari moja tu na kalamu. Siku hizi mambo yamebadilika. Fomu zinajazwa kwa simu, bei ya mahindi inaulizwa kwa simu, na vijana wetu wanatafuta masomo na kazi kwa intaneti. Kila mmoja ananunua bando yake kidogo kidogo, na mwisho wa mwezi pesa nyingi zimekwenda. Ndipo mtu anasimama mkutanoni na kusema: "Tununue ruta moja, tuweke waifai katika nyumba ya kikundi, tuchange pamoja."

Wazo hilo ni zuri. Tena ukienda Luthuli Avenue pale Nairobi, au kwa maduka ya simu mjini kwenu, utapata ruta zilizokarabatiwa ambazo bei yake ni nafuu kuliko mpya. Lakini pesa za kikundi ni jasho la watu wengi. Katika somo hili tutazame maswali ambayo wale mnaowatuma mjini wanapaswa kuuliza wakiwa bado na pesa mfukoni.

Intaneti inaingilia wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo wengi wanasahau. Ruta haizai intaneti. Ni kama tangi lenye mifereji mingi: inagawa tu kile kilichoingia. Mkinunua tangi na hakuna maji yanayofika nyumbani, mmenunua pambo.

Geuza ruta uangalie matundu yake nyuma. Kuna ruta zenye mahali pa kutia laini ya simu, kama ile Archer MR200 ya TP-Link. Hizo zinavuta intaneti kutoka kwa mlingoti wa kampuni ya simu, na kwa vijiji vingi hiyo ndiyo njia iliyo karibu. Kuna zingine, kama Archer C7 ya kampuni hiyo hiyo, ambazo hazina mahali pa laini kabisa. Zina tundu moja la waya lililoandikwa WAN au Internet, mara nyingi la rangi tofauti na yale mengine manne. Hizo zinangoja waya kutoka kwa kifaa kingine, kwa mfano kile cha faiba au cha dishi. Halafu kuna aina ya tatu, zile zenye tundu jembamba la waya wa simu ya mezani. Nyingi za hizi zilitumika katika nyumba za watu Uingereza na kwingineko Ulaya. Kama nyuma yake hakuna tundu la WAN wala mahali pa laini, hata ukipewa bure usibebe.

Ruta ya laini nayo ina mtego wake. Iliyouzwa kwanza na kampuni ya simu inaweza kuwa imefungwa isikubali laini ya kampuni ingine. Tena masafa ya 4G yanatofautiana nchi kwa nchi, kwa hivyo ruta iliyotengenezewa Marekani huenda isisikie mlingoti wenu hata kidogo. Dawa ni moja: nendeni mjini na laini ile ile mtakayotumia kijijini, iwe na bando, muitie pale dukani muone kama inashika. Kama katika nyumba ya kikundi 4G haishiki hata kwa simu ya mkononi, ruta haitafanya miujiza. Pimeni hilo kwanza kabla hata ya kupanda matatu.

Iliyokarabatiwa na iliyotumika si kitu kimoja

Mwenye duka anaweza kukuambia zote ni sawa. Sivyo. Iliyotumika ni mtumba: imetolewa kwa mtu mmoja ikapewa mwingine vile ilivyo. Iliyokarabatiwa inatakiwa iwe imefunguliwa au kupimwa, ikabadilishwa kilichoharibika, ikafutwa mambo ya mwenyewe wa zamani, na muuzaji akubali kuirudisha ikifa upesi. Ukiuliza "mlifanya nini kwa hii?" na fundi hana jibu, basi hiyo ni mtumba iliyopanguswa vumbi. Bei yake nayo iwe ya mtumba.

Mwombe risiti yenye jina la ruta, nambari yake na siku za garanti. Sheria ya Kenya ya kulinda wanunuzi ya mwaka 2012 inataka bidhaa anayouziwa mtu iwe ya ubora unaofaa, lakini bila karatasi mkononi mabishano ni magumu. Risiti iandikwe jina la kikundi, isiandikwe la yule aliyetumwa.

Masafa mawili maana yake nini?

Ruta ya masafa mawili inarusha waifai kwa njia mbili wakati mmoja: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 2.4 inafika mbali zaidi na inapenya kuta vizuri kidogo. Ile ya 5 ni ya haraka lakini inachoka upesi, ukuta mmoja au miwili imeisha nguvu. Mkiwa mmekaa chumba kimoja na ruta, tumieni ya 5. Aliye nje chini ya mwembe atumie ya 2.4. Na simu za zamani hazioni ile ya 5 kabisa, kwa hivyo mwenye simu kama hiyo asidhani imeharibika.

Mabati ni adui. Chuma kinarudisha mawimbi haya nyuma, na ukuta wa mabati unaweza kuyakata karibu yote. Kama nyumba yenu ni ya mabati kila upande, walio ndani watapata na walio nje watalalamika. Wekeni ruta juu kidogo, karibu na dirisha linaloelekea mahali watu wanakaa, isiwe sakafuni wala ndani ya kabati la chuma. Saa zingine kuisogeza mita moja tu kunaleta tofauti kubwa.

Msidanganywe na nambari za kwenye boksi. Archer C7, kwa mfano, inaitwa AC1750 kwa sababu wamejumlisha megabiti 450 za njia moja na 1300 za njia ya pili. Hakuna simu inayopata zote hizo. Kama intaneti inayoingia ni megabiti 10 kwa sekunde, mtagawana hizo 10, hata ruta ikiandikwa elfu tano. Mimi naona kikundi cha watu 20 kinachotumia laini ya simu hakina haja ya kulipia nambari kubwa.

Pale mezani kwa mwenye duka

Anzeni na adapta, yaani ile chaja yake. Isome maandishi. Stima yetu ni volti 240. Adapta iliyoandikwa 100-240 haina shida, lakini iliyoandikwa 120 peke yake ni ya Marekani na ukiichomeka itaungua. Angalieni pia upande wa kutoa: kama chini ya ruta imeandikwa volti 12 na ampea 1.5, adapta nayo iseme volti 12, na ampea zisiwe chini ya hapo. Maduka mengine huchanganya adapta. Ruta inawaka, taa zinameremeta, lakini watu wakiwa wengi inazima na kuwaka tena, na fundi anasema ni mtandao.

Iwashwe na iachwe nusu saa. Mkinywa chai mrudi, iguseni. Vuguvugu ni kawaida, lakini joto la kuchoma si kawaida. Unganisheni simu mbili, moja kwa kila njia, na mtembee nazo mpaka mlangoni.

Sasa geuzeni msome kibandiko cha chini. Hapo pana jina la ruta na toleo lake, kwa mfano V2 au V5. Msiseme ni herufi tu. Ruta ni kompyuta ndogo, ina programu ndani yake, na wenye kuitengeneza hutoa marekebisho kila wezi wanapogundua mlango mpya wa kuingilia. Ruta ikizeeka wanaacha, tena huacha toleo kwa toleo. Mwezi wa Mei 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwamba wahalifu walikuwa wakiingia katika ruta kuukuu zilizoachwa hivyo, na kuzitumia kuficha nyayo zao. Walitaja aina kadhaa za Linksys, zikiwemo E2500 na E4200 ambazo ni za masafa mawili. Ruta kama hizo ndizo unaweza kupata zikiuzwa rahisi mahali popote duniani. Kwa hivyo, mkiwa bado dukani, kijana mmoja afungue tovuti ya kampuni kwa simu, atafute aina hiyo na toleo hilo, aone marekebisho ya mwisho yalitoka mwaka gani. Kama ni miaka mingi iliyopita, rudisheni mezani.

Siku ya kwanza nyumbani

Kabla ya kumpa mtu yeyote neno la siri, rudisheni ruta ilivyotoka kiwandani. Kuna kitundu kilichoandikwa Reset. Ruta ikiwa inawaka, bonyezeni kwa kijiti au sindano kwa sekunde kama 10 mpaka taa zibadilike. Fanyeni hivyo hata kama muuzaji ameapa kwamba amefuta. Mwaka 2023 kampuni ya ESET, inayoshughulika na usalama wa kompyuta, ilieleza jinsi ilivyonunua ruta za ofisi zilizokwisha kutumika. Katika zaidi ya nusu ya zile walizoweza kusoma walikuta bado kuna siri za wenyewe wa zamani. Kama siri zao zilibaki, mipango ya mtu mbaya nayo inaweza kubaki.

Halafu ingieni kwa ukurasa wa ruta. Anwani iko kwenye kibandiko, mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na mnaiandika kwa simu pale pa kuandika tovuti. Hapa kuna maneno ya siri mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni la kutumia waifai. La pili ni la kuitawala ruta yenyewe. Badilisheni yote mawili, na yasifanane. Ruta nyingi za zamani zilitoka kiwandani na neno la utawala "admin", na kila mwizi analijua. Anayelipata anaweza kubadilisha njia ndani ya ruta, ukaandika jina la benki yako na ukafika kwa ukurasa bandia unaofanana nao kabisa.

Mkiwa humo humo, wekeni marekebisho mapya ya programu. Chagueni ulinzi wa WPA2 au WPA3, msikubali WEP ambao ulivunjwa zamani. Zimeni WPS, na zimeni ruhusa ya kuitawala ruta kutoka mbali. Kama ina waifai ya wageni, wageni wapewe hiyo.

Neno la utawala liwe kwa watu wawili, tuseme katibu na mweka hazina, na liandikwe mahali panapofungwa na kufuli. Akiwa nalo kijana mmoja tu, siku akienda Mombasa kutafuta kazi mtabaki mkiangalia taa.

Bando na stima

Jambo hili limevunja vikundi kuliko wizi. Simu ikiona waifai inadhani ni ya bure. Inaanza kushusha programu mpya na kupandisha picha bila kuuliza mwenyewe. Filamu ya saa moja kwa picha safi inaweza kula gigabaiti 3. Simu kumi zikifanya hivyo usiku, bando ya mwezi imekwisha kabla ya wiki. Katika simu za Android unaweza kuiambia simu kwamba waifai hii ni ya kupimwa, ipunguze ulafi. Zaidi ya hapo, kubalianeni saa za kuwasha na saa za kuzima.

Stima yenyewe si mzigo. Ruta ya volti 12 na ampea 1 haiwezi kula zaidi ya wati 12, hata ikiwaka usiku na mchana haifiki uniti 0.3 kwa siku. Wenye sola wanaweza kuiendesha kwa betri, lakini msiiunge moja kwa moja. Betri ya volti 12 ikichajiwa inapanda kupita 14. Mwambieni fundi aweke kifaa cha kutuliza volti katikati, na ahakikishe chanya na hasi hazijageuzwa. Mvua ya radi ikianza kunguruma, chomoeni adapta, na waya wa intaneti pia kama upo.

Ya kuzungumza katika mkutano wenu

Intaneti itaingia kwetu kwa laini, kwa waya au kwa dishi, na nani amepima? Bando ya kila mwezi itatoka mfuko gani, na asiyelipa tutamfanyaje? Ni wawili gani watashika neno la utawala? Katibu aandike majibu katika daftari la mikutano kabla mweka hazina hajatoa pesa.