SOMO LA IJUMAA: DINI YETU NA KIPIMO CHA SOKONI

Tunaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Leo tumeacha biashara ili kuja kusali, kama tulivyoamrishwa katika Sura ya 62, Al-Jumua. Sura hiyo hiyo, aya ya 10, inaturuhusu kutawanyika baada ya sala na kutafuta riziki, huku tukimkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Basi Yule tunayemsujudia hapa, anatuona hata kule sokoni. Tunamkumbuka namna gani tukiwa mbele ya mteja?

Tuseme mambo tunayoyajua. Mchele, unga na maharagwe tunauza kwa kopo la gigozi. Kuna kopo lililopondwa chini makusudi, ili lijae upesi. Kuna gunia lenye mchele mzuri juu na uliooza ndani. Kuna bidoni ya mawese iliyotiwa maji. Kuna noti mbovu inayongojewa giza, apewe mama mzee asiyeona vizuri. Mwenye kufanya hivyo anajiambia: ni kidogo tu, na wote wanafanya.

Si kidogo. Sura nzima ya Qur'ani, ya 83, imeitwa kwa jina la wapunjaji. Wakipimiwa wanataka kipimo kijae. Wakiwapimia wengine wanapunguza.

Nabii Shuaib (A.S.) alitumwa kwa watu wa Madyan. Aliwaita wamwabudu Mungu mmoja, na papo hapo akawaamrisha watimize kipimo na mizani. Watu wake walishangaa. Katika Sura ya 11, aya ya 87, walimwuliza kama sala zake ndizo zinazomwamuru awazuie kutumia mali zao wanavyotaka. Kwao sala ilikuwa kitu kimoja, na mali kitu kingine. Ndugu yangu, ujiulize: je, mimi siishi hivyo?

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume alimwuliza kwa nini hakuweka ile iliyolowa juu, watu waione. Kisha akabainisha kwamba mdanganyifu hayumo pamoja naye. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kuficha.

Sisi Waislamu wa Kongo tuna sababu nyingine ya kuogopa. Katika karne ya 19 dini ilifika Kasongo na Maniema pamoja na wafanyabiashara kutoka pwani. Walikuja na sala, lakini wengi wao walikuja pia na biashara ya watumwa na pembe. Wazee wa nchi hii hawakusahau. Hata leo sisi ni wachache, na jirani asiye Mwislamu hasomi vitabu vyetu. Anasoma kopo letu. Akipunjwa, hasemi "fulani amenipunja". Anasema "Waislamu wamenipunja".

Basi tufanye nini?

1. Leo jioni, kila muuzaji aangalie kopo lake na mizani yake. Lililopondwa alitupe.

2. Aliyempunja mtu amrudishie haki yake. Kusema astaghfirullah peke yake hakufuti haki ya mtu. Asipompata tena, atoe sadaka kwa niaba yake.

3. Tusimfundishe mtoto wa duka hila hizo. Akizizoea utotoni, ni sisi tutakaoulizwa.

4. Mnunuzi naye amwogope Mungu. Usimbane mama mwenye shida mpaka auze kwa hasara. Na mwenye kuajiri asicheleweshe mshahara wa mfanyakazi, maana hiyo nayo ni kupunja.

Faida itapungua siku za kwanza, ni kweli. Lakini mali ya haramu haina baraka, na mteja aliyekuamini hurudi.

Ee Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako, utuepushe na haramu, na utusamehe tuliyowadhulumu watu kwa kujua na kwa kutojua. Utupe nguvu ya kuwarudishia haki zao kabla ya siku ya mizani yako. Amin.

Wabillahi tawfiq.