Taa ya Mlangoni Inayojiwasha: Anza na Stima, Kamera Baadaye

Ukikaa Soweto East unaijua mulika mwizi. Si ile simu ya tochi, ni ile nguzo ndefu yenye taa kubwa zinazomwaga mwanga juu ya mabati. Inasaidia, lakini mwanga wake unaishia kwenye ukingo wa paa. Mlango wako uko ndani ya kichochoro, kwenye kivuli, na mwizi anakijua hicho kivuli kuliko wewe.

Siku hizi unaweza kuweka taa yako mwenyewe mlangoni, inayowaka mtu akisogea, na hata kamera inayokutumia ujumbe kwa simu ukiwa kazini Industrial Area. Unalipa kwa simu na kuangalia kwa simu. Shida ni kwamba watu wengi huanza na kamera kwa sababu ndiyo inayovutia, kisha token inaisha saa nane usiku na kila kitu kinazima kwa pamoja. Kwa hivyo tuanze pale inapouma.

Stima yako inatoka wapi?

Soweto East ina nyumba za aina mbili. Kuna zile ghorofa za mradi wa serikali, zaidi ya nyumba 800, ambazo watu walikabidhiwa mwaka 2016, na kuna ploti za mabati zinazozizunguka. Kama una mita yako ya token, hesabu ni rahisi. Kama stima ni ya ploti nzima, muulize mwenye ploti token hununuliwa lini na nani huchanga. Na kama ni ile ya sambaza, usichomeke kamera wala balbu janja hapo. Stima yake hupanda na kushuka, inaunguza chaja, na siku waya zikikatwa unabaki gizani bila onyo. Tusiseme hata habari ya moto.

Sasa piga hesabu. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku inakula uniti 3 na kitu kwa mwezi. Hiyo si kitu. Kamera ya wati 5 haizimwi mchana wala usiku, kwa hivyo inakula kama uniti 3.6. Lakini kamera inataka Wi-Fi, na ruta ya wati 10 isiyozimwa inakula uniti 7.2. Jumla ni uniti 14, na nusu yake ni ruta ambayo hata hukuihesabu. Kwa viwango vya Kenya Power vilivyoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi iko kwenye bei ya chini kabisa. Ukiwa na friji ndogo na pasi, kamera inaweza kukuvusha huo mstari, na kila uniti ikawa ghali zaidi. Angalia wati zilizoandikwa kwenye chaja kabla ya kununua.

Token za Kenya Power unanunua kwa Paybill 888880, akaunti ikiwa namba ya mita yako. (888888 ni ya wale wanaoletewa bili.) Hifadhi namba ya mita kwenye simu, usiwe unaikumbuka kwa kichwa gizani. Na ukiwa na taa inayolinda mlango, usingoje mita ianze kulia. Nunua kabla ya kulala.

Taa ya sola yenye sensa

Kwa nyumba ya chumba kimoja, maoni yetu ni haya: taa ya sola yenye sensa ya mwendo ndiyo ya kwanza, na kwa wengi inatosha. Haihitaji token, haihitaji bando, na stima ikipotea Kibera nzima yenyewe inawaka.

Ila kichochoro kina mambo yake. Mabati ya nyumba mbili yakikaribia kugusana, jua halifiki ukutani. Chagua taa ambayo paneli yake imetenganishwa na waya, paneli ikae juu ya paa na taa ikae mlangoni. Ifunge paneli kwa bolti ambazo nati zake ziko ndani ya nyumba, maana anayeiba taa anaiba paneli pia. Sensa ielekeze chini kwa mlango wako, urefu wa kama mita mbili na nusu. Ukiielekeza njiani, kila anayepita kwenda chooni ataiwasha, na kufika alfajiri betri imekwisha. Mwezi wa Julai, wakati Nairobi haioni jua, weka taa kwenye hali ya kuwaka mtu akipita tu, si kuwaka usiku kucha.

Dukani, ijaribu papo hapo: ziba paneli kwa kiganja, kisha pitisha mkono mbele ya sensa. Isipowaka, irudishe kwenye boksi.

Kuna za kulipia kidogo kidogo pia. M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mtindo huo hapa Kenya mwaka 2012, na wengine wakafuata. Ni njia nzuri kwa mtu wa kibarua, lakini kumbuka siku zikiisha bila kulipa, taa inafungwa. Ikiwa wiki mbaya inakuja, lipia siku za usiku kwanza, mengine yatangoja.

Balbu janja na kamera

Ukiwa na stima ya uhakika na Wi-Fi, balbu janja inakuwezesha kuwasha taa ukiwa mbali, au kuipanga iwake saa kumi na mbili unusu jioni ili nyumba ionekane ina mtu. Nyingi hushika Wi-Fi ya gigahazi 2.4 pekee, kwa hivyo kama haiungani, angalia hapo kwanza. Swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa. Watoto wakiizima, simu yako haina la kufanya.

Kamera nyingi zinaweza kuunganishwa na balbu ya programu ileile: ikiona mtu, taa inawaka na wewe unapata ujumbe. Badilisha neno la siri lililokuja nayo siku hiyo hiyo. Na ielekeze kwako. Kamera inayotazama mlango wa jirani au bafu la ploti italeta vita kabla haijaleta mwizi, na jirani ndiye atakayepiga nduru siku ukivamiwa.

Pesa na simu

Lipa dukani kwa Till, na soma jina la duka kabla ya kuweka PIN. Fundi anayetaka deposit kwa namba yake binafsi ili "akuletee kesho" mwambie utalipa ukiona taa ikiwaka. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi kubwa. Weka SMS ya malipo. Ndiyo risiti yako.

Halafu fikiria hili: sasa simu yako ni pochi na pia ni ufunguo wa nyumba. Aliyeikwapua kwenye matatu anaweza kuona kama uko nyumbani. Weka PIN ya laini, si ya skrini tu, ili asihamishe laini kwenye simu nyingine na kupokea kodi za kuthibitisha. PIN ya pesa isifanane na ya kamera. Simu ikipotea, azima ya mtu wako: kwanza piga uifunge laini, pili ingia kwenye akaunti ya kamera uitoe ile simu na ubadilishe neno la siri.

Usiku wa kwanza baada ya kufunga, zima swichi kuu ya nyumba, toka nje, rudi ukitembea kama mgeni. Taa ya sola isipowaka, kesho asubuhi rudi dukani na ile SMS.